Tupeane uzoefu: nyimbo za shughuli zilizowahi kukushika (kayamba, kifudu, vugo, maulidi, vave)

Dama wa Ganda
Habari zenu wana Pwani. Usiku wa kuamkia leo sikulala. Kuna boma nyuma yetu wamemchezea mgonjwa wao kayamba, ngoma ya kupunga pepo, na upepo wa kusi uliniletea yote hadi kitandani. Neno halikunifikia hata moja. Lakini mlio ulipobadilika nilijua: hapa wanamwita pepo Mwarabu, hapa wamemwacha, sasa ni zamu ya pepo Mmasai. Nikaona miguu inakwenda yenyewe chini ya shuka. Na mimi ni mtu wa kanisa, tangu usichana sijakaa kwenye ngoma ya pepo.

Naomba tupeane uzoefu. Wimbo wa shughuli yoyote, iwe ya pepo, ya matanga, ya harusi au ya dini, uliwahi kukushika vipi? Kilichokushika ni maneno au ni sauti? Watu wa Lamu msikae kimya, najua mnayo yenu.

Mkwezi Mambrui
Huo wa Mmasai hata aliyelala usingizi wa pono huamka. Nakaa hapa nisome.

Mtoto wa Marafa
Dada Dama, umenitonesha kidonda, sasa wacha niseme.

Mama yangu aliugua nikiwa darasa la saba. Hali chakula, hasemi, usiku anakaa kitako anatazama mlango. Hospitali tulikwenda, akapimwa, tukarudi na vidonge. Baba hakuwa mtu wa waganga, lakini ndugu zake mama walimzidi nguvu, kayamba ikaletwa.

Mliowahi kukaa mnajua kulivyo. Mwele katikati ya mkeka, kafunikwa shuka, mbele yake chungu cha vuo, yaani maji ya majani ya dawa, na kigae cha makaa na ubani. Wapigaji wamemzunguka. Mimi nilipewa taa nishike, kwa hiyo mikono yao niliiona kwa karibu. Kayamba ni mabua yaliyofungwa bapa kwa kamba, ndani mmetiwa maturituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Mpigaji akiinamisha upande huu, mbegu zote zinateremka pamoja, shaaa, anagonga kwa kidole gumba, anazirudisha. Wakishikana wote huwezi tena kujua nani anapiga nini.

Walianza na Mwarabu, maana huyo hutangulizwa. Kimya. Wakaja kwa Msomali, kimya. Mganga alikuwa na sauti nzuri na nyimbo alizijua, maneno yamenyooka hakosi hata moja. Mama hatikisiki. Kufika saa tisa wapigaji wamechoka, mmoja kidole kinatoka damu. Mjomba akaanza kusema huyu hana pepo, huyu karogwa. Baba akaja mlangoni kasema anamchukua mkewe usiku huo huo. Watu wakasimama, wakashikana mashati, matusi, na mama amekaa katikati ya kelele zote hizo haoni mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kumpoteza. Taa ilikuwa inanitetemeka mkononi hadi mafuta yakamwagika.

Hawe wangu, mamake mama, usiku wote alikuwa pembeni. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alijikokota akakaa nyuma ya mwanawe, akaanza kuguna. Kuguna tu, neno hakuna, mwendo wa pole sana. Mpigaji mmoja mzee akausikia akaufuata, wenzake wakapunguza. Ulikuwa ule ule wimbo wa Mwarabu walioanza nao jioni! Ila mwendo ulikuwa wa zamani, wa siku hizo hawe mwenyewe alipochezewa. Shuka ikaanza kutikisika mabegani. Mama akalia kwa sauti ya kiume na kuanza kusema Kiarabu. Jirani yetu mwalimu wa madrasa alisema alishika maneno mawili matatu, mengine hakuyajua. Pepo akataka kanzu, marashi na halua, akakataza tembo la mnazi nyumbani. Asubuhi mama akaomba uji.

Baadaye alisilimu, kama Wagiriama wengi wa huku wanaoitwa Mahaji ambao dini iliwajia kwa njia ya maradhi. Aliishi hadi uzee. Kwa hiyo Dada Dama ukiniuliza maneno au sauti, mimi nilishika taa. Maneno ya mganga yalikuwa kamili na hayakumwinua mtu.

Mkwezi Mambrui
Pole sana ndugu yangu. Hawe alikuwa mganga kuliko mganga.

Ibnu Shela
Pole kwa yaliyokufika. Lakini tuambizane ukweli, tusioneane haya. Kumwita jini kwa ngoma ni shirki, uwe mwendo wa zamani au wa leo. Mgonjwa husomewa Qur'ani. Na mada hii msitutie watu wa Lamu, sisi shughuli zetu ni maulidi na dua.

Bi Mkomani
Taratibu sheikh. Mimi nimezawa Mkomani, nimekulia Mkomani, na kupunga kulikuwako hapa hapa Amu, mabibi zetu walikuwa na pepo wao na nyimbo zao. Na haya matari unayoyatetea leo, yule sharifu Habib Swaleh alipoyatia kwenye maulidi pale Langoni, wakubwa wa mji waliyakataa. Walisema matari na msikiti haviwekani. Leo mfungo sita ukiingia, watu wanakuya toka Ngazija na Unguja kuyasikiliza hayo hayo kwenye msikiti wa Riyadha.

Nenda usiku wa Maulidi ya Habshi ukae karibu na wapijaji. Nai, ile filimbi, inatangulia, nyembamba, peke yake. Kisha matari yanaingia chini yake, yuu unasikia nai, tini unasikia ngozi. Watu wakisimama kwa kiyamu udi unafuka na marashi yanapita vitwani. Sasa niambie, katika umati ule wanaofahamu kila neno la Kiarabu ni wangapi? Na matozi yanawatoka wote.

Ibnu Shela
Bi, heshima yako. Kumsifu Mtume na kuita majini havikai kwenye mizani moja. Asiyejua Kiarabu anajua amenuia nini, na amali ni kwa nia. Mtu wa kayamba amenuia nini?

Mtoto wa Marafa
Amenuia mamake apone.

Dama wa Ganda
Jamani, naomba tusichinjane. Kila mtu alete alichokiona.

Mzee wa Kitabu
Kwa kuwa Bi Mkomani amegusa lugha: Hamziya ya Kiswahili, ile kasida ya kumsifu Mtume ya Aidarusi bin Athumani, imeandikwa ubeti wa Kiarabu na chini yake Kiswahili cha kale. Nimekaa na wazee walioisoma, na nawaambieni Kiarabu chake ndicho chepesi. Kile Kingozi watu walikisoma kwa kuhifadhi sauti, na asiyejua maana ndiye aliyechunga sana asiteleze, kwa sababu akiteleza hana pa kushika. Maneno ambayo hayasemwi tena na mtu yeyote yamehifadhiwa hivyo.

Utingo wa Barabara Kuu
Ngojeni. Nina kisa, na nilikuwa nimeapa sitakisema.

Zamani nilikuwa utingo wa basi la Malindi kwenda Lamu. Wakati huo magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara, askari mbele askari nyuma, husimami unapotaka. Tumepita Garsen, tumepita Minjila, jua la saa nane, abiria wamelala vichwa vimeanguka. Dereva alikuwa na rekodi ya kayamba kwenye simu, alimrekodi shangazi yake usiku kucha. Akaniambia utingo, unganisha simu na spika tusije tukalala. Nikaunganisha.

Kiti cha tatu upande wa dirisha kulikuwa na mama mmoja, mtu wa makamo, kapakata mtoto wa mwanawe. Kwanza kichwa kikawa kinakwenda polepole, nikadhani ni barabara. Kisha akampa mtoto mtu wa karibu bila kumtazama, akasimama, akashika chuma cha juu kwa mikono miwili. Kisigino chake kikaanza kupiga sakafu sawasawa na spika. Leso ikaanguka. Alianza kunguruma.

Basi zima likapiga kelele: Zima! Zima! Mkono wangu uko kwenye simu. Mara kule nyuma mzee mmoja akapiga ukelele uliozidi wote: Usizime! Ukikata katikati unamwacha huko huko!

Nikafanyaje? Huku nisizime, huku rekodi ni ya usiku kucha, haina mwisho wa karibu. Dereva anatazama kioo, gari la askari liko nyuma yetu, akisimama wanakuja na bunduki. Mama anazidi. Yule mzee akaja mbele akishikilia viti. Akaninyang'anya kopo langu la sarafu, akaanza kulitikisa kufuata kayamba ile ile. Alipolishika sawasawa akanifanyia ishara ya mkono: punguza. Nikapunguza kidogo. Punguza tena. Mpaka kayamba ya spika ikaisha kabisa, na hakuna aliyesikia ilipoishia, limebaki kopo la mzee. Halafu yeye naye akawa anachelewesha mkono, anachelewesha, anachelewesha. Mama akakaa. Akauliza mtoto yuko wapi.

Mkwezi Mambrui
Lahaula! Nimesoma nimesimama.

Binti Jilore
Mzee huyo aliokoa watu wengi. Angekuwa mwingine angetia kofi.

Salama Gongoni
Ukikutwa na jambo kama hilo mwagia marashi kichwani, anatulia.

Ibnu Shela
Soma Ayatul Kursi sikioni mwake.

Mkwezi Mambrui
Muwekee taarabu, pepo gani asiyependa taarabu?

Salama Gongoni
Usithubutu! Mimi namjua anayepanda kwa taarabu. Umwekee kimya.

Mtoto wa Marafa
Kimya cha ghafla ndicho kibaya, mzee amesema kweli. Hawe alikuwa akisema mtu hurudishwa kwa njia aliyopelekwa.

Dama wa Ganda
Utingo, yule mama alipoteremka alisema nini?

Utingo wa Barabara Kuu
Aliteremka Witu. Alimshukuru mzee, mimi hakunitazama. Dereva alifuta ile rekodi mbele yangu kabla ya kufika Mokowe.

Mcheza Ngoma Watamu
Rekodi za namna hiyo zimejaa kwenye simu za watu. Na sisi tunaocheza mahotelini tunalaumiwa kila siku, kumbe basi limetushinda.

Binti Jilore
Wewe ndiye niliyekuwa nikikutafuta. Nani kawapa ruhusa ya kucheza kifudu mbele ya watu wanaokunywa bia? Kifudu ni cha wanawake, ni cha hanga, yaani matanga. Mamangu alikuwa miongoni mwa waimbaji. Msiba ukitokea walikuwa wanakuja wenyewe, hawaitwi, na nyimbo zao zilikuwa na maneno ambayo siku nyingine yoyote mwanamke hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe. Kwenye hanga aliyatamka kwa sauti juu, na wafiwa wanacheka na kulia kwa mara moja. Siku ya baba, mimi sikuweza kulia hata chozi moja mpaka walipoingia wakiimba toka njiani. Na ndiyo ngoma aliyoipita nayo Mekatilili wa Menza mwaka wa 1913, kijiji hadi kijiji, watu wakatoka kusikiliza kifudu, naye akawaambia msitoe vijana wenu kwa Waingereza. Serikali ilimkamata, ikampeleka mbali hadi Kisii. Leo sanamu yake iko Malindi mjini, na ngoma yake iko hotelini kando ya bwawa la kuogelea!

Mcheza Ngoma Watamu
Dada, hasira yako naielewa. Kikundi chetu hakichezi kifudu. Tunacheza ngoma za gonda na mwanzele, na nyimbo ni za kukaribisha wageni. Watoto wangu wanasoma kwa hela hiyo. Wazee waliotufundisha walitutenga kabisa: hizi za kutoka nazo, hizi zikae nyumbani.

Binti Jilore
Mwanzele nao ni wa hanga.

Mcheza Ngoma Watamu
Na wa harusi pia. Muulize mama.

Binti Jilore
Nitamuuliza.

Bi Mkomani
Mwanangu wa Jilore, maneno ya kifudu yamenikumbusha vugo. Siku ya harusi yangu wake walikuya na pembe zao za nyati, wanazipija kwa vijiti, wanaimba mafumbo. Mimi nimekaa ndani nimefunikwa sioni kitu, nasikia pembe tu, kavu, ko ko ko, inakaribia ukutani. Nikafahamu fumbo moja lilikuwa langu, la kunionya na mawifi. Lilinifaa miaka yote. Siku hizi wanaweka spika kubwa, bibi harusi hasikii hata jina lake likiitwa.

Mbajuni wa Faza
Nimesoma yote kimya, nimeona vave limetajwa kwenye kichwa cha mada na hakuna aliyelisema. Vave ni letu sisi wakulima Wabajuni. Msitu umefyekwa, miti imekauka, kesho ni kuchoma. Usiku wake wanaume wanakusanyika, linaimbwa hadi kunakucha. Mwimbishaji anataja moto, anataja upepo, anataja miti na wanyama wa humo watakaoungua, na wengine wanapokea. Maneno yake mengi mchana hutayasikia kwa mtu. Baba alikuwa mpokeaji. Aliniambia usitafute maana kwanza, shika pa kuvutia pumzi, ukishakosea pumzi umewaangusha wote. Nikafuata hivyo, na maana ikaja baadaye, nyingine naipata sasa nikiwa na mvi.

Tangu usalama ulipoharibika upande wa bara mwaka wa 2014, mashamba mengi yamelala. Hakuna msitu wa kuchoma, vave litaimbiwa nini? Vijana wananiomba niliimbe sebuleni wanirekodi. Nimejaribu. Sauti inatoka, lakini hakuna wa kunipokea.

Mzee wa Kitabu
Irekodi hivyo hivyo, mzee wangu, usingoje.

Mtoto wa Marafa
Ngojea upate wapokeaji. Rekodi ya mtu mmoja itawafundisha nusu.

Mkwezi Mambrui
Mbajuni, mimi si mkulima na si wa kwenu, lakini nina pumzi ya kukwea minazi. Ukihitaji mpokeaji naja.

Mbajuni wa Faza
Njoo mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika. Ukifika gatini uliza wakulima wa zamani, utaletwa. Njoo na tochi na kahawa, na usingizi uuache Mambrui.