Familia ya Chumbageni: safari ya mama Abisko

Jumapili, 16 Novemba 2025

[18:02] Mwanaidi: Asalaam aleykum wote. Shikamoo mama. Viza imetoka alhamdulillahi, siku 90. Tiketi bado hatujakata, tunasubiri tukubaliane tarehe. Mimi na Idrisa tunataka tumpeleke mama kaskazini mwa Sweden hadi Abisko kwa kempa, lile gari la kulala humohumo, akaone taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Shule za Stockholm zinafungwa wiki ya 9 ya mwaka, kuanzia 23 Februari.

[18:05] Mama: Waaleykum salaam. Marahaba mwanangu. Mbona huo mwezi wa Ramadhani?

[18:07] Zainabu Oslo: Shikamoo mama. Ndiyo, Ramadhani inaingia tarehe 18 au 19. Mwanaidi, kwa nini asije Desemba? Watoto wako likizo, hakuna mfungo, theluji ipo.

[18:11] Hamisi Umeå: Shikamoo mama. Desemba hapana. Mimi njia hiyo naipita na lori kila wiki. Abisko mwezi wa Desemba jua halichomozi kabisa. Mchana kunakuwa na weupe kama wa alfajiri kwa saa chache, halafu giza. Mtaendesha kilomita mia saba mkitazama taa za gari na barafu tu. Mwisho wa Februari jua linakaa kama saa 9, na usiku bado una giza la kutosha kuona hizo taa.

[18:13] Mama: Jua lisipochomoza, hiyo magharibi mnaijuaje?

[18:15] Zainabu Oslo: Wengine hufuata saa za mji wa karibu wenye jua, mama, wengine saa za Makka.

[18:19] Mama: Basi nije Februari. Nitafunga kwa jua ninaloliona.

[18:20] Mwanaidi: Lakini mama, msafiri ana ruhusa. Utalipa ukirudi.

[18:21] Mama: Najua. Tutaona nikifika.

[18:24] Idrisa: Shikamoo mama. Kaka Hamisi, mimi naona tukodi gari hapahapa Stockholm Jumamosi tarehe 21, tuje kwako Umeå tulale, kisha tuendelee.

[18:33] Hamisi Umeå: Shemeji, Stockholm hadi Umeå ni kama kilomita 640. Kwenda na kurudi ni siku mbili nzima za likizo yenu, na mtakuwa mmechoka kabla ya kufika kwenye baridi yenyewe. Njooni kwa treni, ni mwendo wa saa sita au sita na nusu tu. Kempa tukodi huku. Magari ya huku yamezoea: tairi zina misumari, tangi za maji ziko ndani ya sakafu yenye joto, na nikiwasha asubuhi kuna waya wa kupasha injini. Tena dizeli ya huku imetengenezwa isigande kwa baridi ya huku.

[18:35] Idrisa: Hilo sikuwaza. Sawa kaka.

[18:36] Hamisi Umeå: Jambo la pili, uzito. Tuko sita: mama, wewe, Mwanaidi, Nasra, mdogo wake, na mimi. Kila mtu lazima awe na kiti chenye mkanda. Gari la watu sita likishajaa maji, gesi, mablanketi na mabuti linapita tani 3.5, na leseni yako ya gari dogo haifiki hapo. Yangu ya lori inafika. Nitachukua likizo niendeshe mwenyewe.

[18:37] Mwanaidi: Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa kukuomba.

[18:38] Hamisi Umeå: Mama yangu anakuja mara ya kwanza, ungeniombaje tena?

[18:52] Hamisi Umeå: Sasa gesi. Naomba msome yote. Mwaka juzi Januari nilikwenda na rafiki yangu hadi karibu na Jokkmokk, na gari alilolinunua kusini mwa Ulaya. Usiku ule ilikuwa digrii 24 chini ya sifuri. Saa tisa usiku hita ikazima. Mtungi ukiutikisa unasikia kabisa gesi inacheza ndani, lakini moto hauwaki. Kumbe ilikuwa butani. Butani ikishapoa chini ya sifuri haipandi tena kuwa hewa, inakaa mtungini kama maji. Propani ndiyo ya huku, hiyo inatoka hata kwenye digrii 35 chini. Tulilala na makoti na viatu. Asubuhi bomba la maji lilikuwa limepasuka chini ya kitanda.

[18:54] Mama: Na hukuniambia.

[18:55] Hamisi Umeå: Sikutaka ukose usingizi mama. Nisamehe.

[18:58] Mama: Nimekusamehe. Lakini mimi sitalala kwenye gari la namna hiyo.

[19:04] Hamisi Umeå: Hutalala, mama. Kwanza mitungi miwili ya propani, kilo 11 kila mmoja, na kwenye baridi kali mmoja unaweza kwisha kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo naupima kila jioni. Pili, kila usiku tunalala kwenye kambi zenye nguzo ya umeme, hita ya umeme inasaidiana na ya gesi. Hakuna kulala porini. Kuna watu wanapenda hivyo, na mimi nikiwa peke yangu naweza, lakini sio na mama na mtoto wa miaka mitano.

[19:06] Zainabu Oslo: Na king'ora cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Huku Norwe kila mara tunakumbushwa.

[19:09] Hamisi Umeå: Ninacho, na nitakuja nacho hata kama gari linacho chake. Mama, unakumbuka jiko la mkaa usiku na madirisha yamefungwa? Ndiyo hewa hiyohiyo. Kwa hiyo hatuwashi jiko la kupikia ili kuota moto, hata kwa dakika tano. Tundu la paa linabaki wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Na theluji ikianguka usiku natoka kufukua pale moshi wa hita unapotokea.

[19:11] Mama: Jiko la mkaa naliogopa tangu mimi msichana. Hapo umenituliza.

[19:15] Mwanaidi: Na daku? Nikipika wali saa kumi usiku mle ndani?

[19:18] Hamisi Umeå: Mvuke wa sufuria unaganda kwenye vioo na kulowesha magodoro, na godoro likilowa huku halikauki. Tupike futari na daku kwangu kabla ya kuondoka. Mihogo ya nazi, sambusa, maharage, tufunge kwenye mifuko tuweke kwenye sanduku la nje la gari. Nje ndiyo friza yetu. Mle ndani tunapasha tu na kuchemsha chai.

[19:19] Nasra: Shikamoo bibi. Shikamoo mjomba. Je, hizo taa tutaziona kweli?

[19:23] Hamisi Umeå: Marahaba mwanangu. Zinategemea jua lenyewe na mawingu, siwezi kukuahidi. Lakini milima iliyozunguka Abisko huzuia mawingu mengi, ndiyo maana watu hukimbilia pale. Tutakaa usiku mbili ili tusitegemee mmoja. Simu uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inakula betri.

[19:24] Mama: Marahaba Nasra. Tutasubiri pamoja.

[19:31] Idrisa: Naandika ratiba basi. Jumamosi 21 treni hadi Umeå. Jumapili tunapika na kupakia. Jumatatu Umeå hadi Luleå, 265. Jumanne Luleå hadi Kiruna, kama 340. Jumatano Kiruna hadi Abisko, 95 tu. Usiku mbili pale. Ijumaa tunaanza kurudi.

[19:33] Zainabu Oslo: Abisko hadi Narvik huku Norwe si mbali, mngevuka mpaka niwapokee!

[19:38] Hamisi Umeå: Kilomita 80 hivi, dada, lakini ile ya mlimani. Upepo ukivuma hufunga barabara, au magari hupangwa nyuma ya gari la kusukuma theluji na mnakwenda msafara mmoja. Mimi na lori nimesubiri pale. Na mama garini sivuki. Wewe panda treni uje Abisko, inafika hapohapo.

[19:40] Zainabu Oslo: Naja. Nitalala hosteli, msinihesabu kwenye uzito 😊

[19:44] Hamisi Umeå: Shemeji, ongeza kwenye ratiba: kila siku tuwe tumeegesha kabla ya magharibi. Reindia, wanyama kama kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini, wanatembea barabarani, na gizani huwaoni. Mkiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye nguzo za pembeni, ni wafugaji wanawatahadharisha kwamba kundi liko karibu. Na usiku hatuvuti breki ya mkono, inaganda. Tunaliacha gari kwenye gia na kuweka vigingi kwenye magurudumu.

[19:45] Idrisa: Nimeandika.

[19:47] Mwanaidi: Nakata tiketi ya mama kesho asubuhi. Kufika 7 Februari, kurudi baada ya Idi. Mama, nguo usinunue Tanga, tutakuvalisha sisi. Nipe namba ya kiatu tu. Buti tutachukua kubwa kidogo ili soksi mbili za sufu ziingie, mguu ukibanwa ndiyo unaganda.

[19:53] Mama: Namba siijui, viatu vyangu vimefutika. Nimesimama juu ya gazeti, mtoto wa jirani amenichora na kalamu. Picha naituma. Pembeni tumeweka rula.

[19:54] Mama: 📷 Picha

[19:56] Mwanaidi: Sentimita 24 na nusu. Nimeipata mama.