Matufaha yanakuwa kama kioo ndani karibu na mbegu, ni maji mengi au ugonjwa?

Mtimkavu: Wakuu habari zenu. Nina mitufaha aina ya Fuji, safari hii imezaa kidogo ila matunda makubwa balaa. Nikikata nakuta nyama kuzunguka mbegu imelowa, inapitisha mwanga kama kioo, ukibonyeza kwa kisu kinatoka kimaji kitamu. Nje halina doa wala nini. Jirani anasema nimezidisha kumwagilia nifunge maji kabisa. Nifanyeje, na niliyochuma yatakaa stoo?

Kipepeo2: Kalsiamu hiyo mkuu, hata mimi yalinipata, vidoa vya kahawia vikavu chini ya ganda, vichungu. Puliza kalsiamu fasta.

Bi Shamba: Kipepeo2 hapana, vidoa vyako ni seli zilizokufa zikakauka, yeye zake zimelowa. Kalsiamu ndogo inachangia kote kuwili ila inapulizwa tunda likiwa bado linakua, saa hizi kachelewa.

Mtimkavu, bomba lako halina kosa. Majani ya mtufaha yanatuma sukari yake nyingi kwa umbo linaloitwa sobitoli, ikifika kwenye tunda seli zinaivuta ndani na kuigeuza. Tunda likipitiliza kuiva seli zinashindwa, sobitoli inabaki nje kwenye vinafasi vya katikati ambavyo kawaida vina hewa, na sukari ikikaa nje maji nayo yanaifuata huko huko, hewa inafukuzwa ndo maana unaona kioo. Tufaha zima karibu robo yake ni hewa ndo maana linaelea. Tia kwenye ndoo uone, lililoathirika sana linaelea likiwa limezama zaidi kuliko mengine. Ukifunga maji utapata matunda yaliyonyong'onyea tu na sukari bado iko nje.

Mtimkavu: Kumbe! Sasa yanalika?

Bi Shamba: Yanalika, tena matamu. Ila stoo angalia, lenye kioo kidogo linaweza kupona lenyewe, lenye kingi oksijeni haipenyi, linaanza kuchacha, harufu ya pombe, mwisho kahawia ndani.

Kipepeo2: Asante kwa darasa dada. Mtimkavu mbolea ya naitrojeni uliweka nyingi?

Mtimkavu: Eeh 😅 nyingi.

Bi Shamba: Punguza basi. Na msimu ujao yakikaribia kuiva uwe unakata machache ya upande wa jua, yanatangulia hayo, ukiona kioo kinaanza chuma.

Mtimkavu: Nimejaribu ya ndoo, makubwa karibu yote yanaelea chini chini, madogo yanaelea juu vizuri tu. Kesho nachuma yaliyobaki, yanayoelea chini chini juisi.