Albamu ya tatu: tunaingiza fidla, akodiani na filimbi kwenye blaki metali, ala zinamezwa. Ushauri tafadhali

NyuziSita
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii.

Albamu zetu mbili za mwanzo ni blaki metali (metali kali ya kasi) tupu: magita mawili, besi, dramu na sauti ya kukwaruza. Vionjo vya kiasili vilikuwa sekunde 40 za gita kavu (lisilo la umeme) mwanzoni mwa wimbo, basi. Safari hii tunataka melodi ya kiasili ndiyo ibebe wimbo. Tumeongeza fidla, akodiani na filimbi ya bati ya ufunguo wa D. Magita yameshushwa toni moja, tempo ni mapigo 180 hadi 200 kwa dakika.

Demo ya nyimbo saba ipo tayari na shida ni hizi. Fidla ikiwa peke yake ni nzuri, magita yakiingia inapotea. Tukiipandisha inatoboa masikio. Akodiani peke yake haina kasoro, lakini juu ya magita inasikika kama imetoka kwenye tyuni. Tunapotoka kwenye blasti (dramu za kasi mfululizo) kwenda sehemu ya 6/8 (mdundo wa tatu-tatu), inakuwa kama nyimbo mbili zimegundishwa. Halafu kuna mpangilio: nyimbo za ala kavu tuzichanganye na zile nzito au tuzitenge?

fundi_miksi
Mkuu, feda (vidhibiti vya sauti vya miksa) ziache hapo zilipo. Shida ya fidla iko kwenye utunzi, na miksi haitaiponya.

Piga hesabu. Gita likishushwa toni moja, kamba ya kwanza inakuwa D. Tremolo (kupiga noti moja harakaharaka mfululizo) ya freti ya 7 hadi ya 12 kwenye kamba hiyo inakaa kati ya 440 Hz na 587 Hz. Fidla nayo, kamba yake ya A ikiachwa wazi ni 440 Hz. Kwa hiyo zote mbili zinaimba noti zilezile kwenye oktavu ileile, na gita lina distosheni inayojaza kila nafasi iliyo juu yake. Fidla lazima imezwe.

Fidla ikishika melodi, magita yahamie kamba ya nne hadi ya sita na yacheze tremolo ya noti zinazokaa, moja kwa kila bari. Unaweza pia kuipandisha fidla kwenye kamba ya E, juu ya 659 Hz, ila mimi sikushauri kuifanya njia kuu: huko juu inakutana na matoazi na sikio linachoka haraka.

Ukishapanga hivyo ndipo ikwalaiza (chombo cha kukata au kuongeza masafa) inakuwa na kazi. Fidla ikate chini ya 180 Hz, kwa sababu noti yake ya chini kabisa ni G ya 196 Hz. Chini ya hapo ni kelele za chumba tu. Magita yakate chini ya 90 Hz ili besi ipumue, kisha yapunguze desibeli 2 au 3 kati ya 2 kHz na 3 kHz pale tu fidla inapocheza. Tumia otomesheni (mabadiliko yanayojiendesha), au kompresa (chombo cha kubana sauti) inayoshtuliwa na traki ya fidla. Ukikata wimbo mzima rifu (vipande vya gita vinavyojirudia) zitapoa. Huko kutoboa masikio kunakuja pale unapoinyanyua fidla yenyewe kwenye 3 kHz badala ya kumpunguza mwenzake.

Jambo jingine ni maiki. Ukiiweka sentimita 10 kutoka kwenye fidla unarekodi mkwaruzo wa upinde, na kompresa itaukuza. Iweke juu ya fidla, umbali wa sentimita 60 hadi mita 1, kwenye chumba kisicho na mwangwi mkali. Na mwimbaji akiingia, fidla ishike noti ndefu au inyamaze. Wote wawili wanataka katikati, na katikati ni mahali pamoja tu.

Zeze la Usiku
Naongezea kwenye akodiani. Weka swichi ya ulimi mmoja (kipande cha chuma kinachotoa noti), bonyeza A, pima kwa tyuna. Akodiani nyingi zimetyuniwa 442 Hz, siyo 440. Tofauti hiyo ni kama senti 8 (senti 100 ni nusu toni). A hizo mbili zikilia pamoja unasikia wimbi mara 2 kila sekunde; kwenye gita kavu linapendeza, kwenye distosheni linageuka uchafu.

Akodiani haina kifungo cha kuzungusha ukaishusha. Fundi anakwangua ndimi za chuma, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo wengine wote waifuate akodiani: tyuna za magita, besi na fidla ziwe 442 kabla hamjarekodi noti ya kwanza. Kama filimbi yenu ina kichwa kinachosogea, kisukumeni ndani kidogo ili ipande, na ipulizwe kwanza mpaka ipate joto, maana ikiwa baridi inashuka.

Baada ya hapo angalia swichi. Zile zinazofungua ndimi mbili au tatu kwa noti moja zimetofautishwa makusudi ili sauti itetemeke. Zitunze kwa nyimbo za ala kavu. Kwenye sehemu nzito tumia ulimi mmoja.

Kuna kosa lingine ambalo wengi hawalioni mpaka mwisho. Distosheni inavumilia noti ya kwanza na ya tano za ngazi ya muziki zikipigwa pamoja. Ukiongeza ya tatu, inazaliwa sauti ya ziada isiyokubaliana na kodi (noti zinazopigwa pamoja), na melodi za kiasili zimejaa hizo tatu. Gita lishike ya kwanza na ya tano, fidla ibebe ya tatu. Kuna faida nyingine: mpiga fidla anayefuata sikio huiweka ya tatu kubwa karibu senti 14 chini ya mahali gita lingeiweka. Gita likiwa haliigusi, hakuna wa kugombana naye.

Pigo_la_Tatu
Mimi ni wa dramu, naanza na hiyo 6/8.

Tempo 180 ina noti za nane (mbili kwa kila pigo) 6 kwa sekunde. Sehemu ya 6/8 yenye mapigo makubwa 120 kwa dakika (noti tatu kwa kila pigo) nayo ina noti za nane 6 kwa sekunde. Hiyo ndiyo daraja. Chukua tempo ya blasti, zidisha kwa 2, gawanya kwa 3. Wimbo wa 190 unatua kwenye 126.7, wa 200 kwenye 133.3. Mkichagua tempo ya 6/8 kwa kukisia, mwili wa msikilizaji unapoteza hatua, na ndiyo maana inasikika kama kiraka.

Kwenye kurekodi, kliki (mlio wa kuongoza tempo) iwe ya noti za nane, siyo ya robo. Bari mbili za mwisho za blasti, raidi (toazi la kuongozea) ipige noti za nane zote kwa nguvu moja bila mkazo. Kisha kiki na sneya peke yake zihamishe mkazo kuwa tatu-tatu, na fidla iingie nusu bari kabla, siyo pamoja nazo.

Kuhusu filimbi: zile noti za urembo za vidole ni fupi mno, chini ya blasti kamili hakuna anayezisikia. Melodi ya filimbi ikiingia, ondoa kreshi (toazi la kishindo), hamia haihati (matoazi pacha) iliyofungwa, na sneya ishuke nusu kasi. Magita yaendelee na tremolo ileile. Kasi haitapungua masikioni kwa sababu mkono wa gita bado unakimbia.

Bonde_la_Giza
Kwenye mpangilio, kuna njia ambazo bendi nyingine zimeshazipitia. Ulver walichanganya gita kavu, filimbi na uimbaji safi na blaki metali kwenye Bergtatt mwaka 1995, mwaka uliofuata wakatoa Kveldssanger isiyo na metali kabisa, kisha 1997 Nattens madrigal ambayo ni ukali mtupu. Panopticon naye mwaka 2012, kwenye Kentucky, aliweka banjo na fidla ndani ya albamu moja na blaki metali. Mwaka 2018 akatoa albamu ya sehemu mbili, moja nzito, nyingine ya kiasili. Kwa nyimbo saba, sikushauri kutenga. Kutenga kunahitaji nyimbo za ala kavu zinazoweza kusimama zenyewe dakika 30 na zaidi.

Mkichanganya, msimasta (kumalizia sauti ya albamu) kila wimbo kivyake. Wimbo wa ala kavu ukisukumwa mpaka ulingane na mzito unapoteza kupanda na kushuka kwake, na mzito unaoufuata hauna tena pa kulipukia. Uacheni chini kwa desibeli 5 au 6. Spotify husawazisha kuelekea LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mtu akisikiliza albamu mfululizo tofauti hiyo inahifadhiwa.

Kama itatoka kwenye santuri, kila upande usizidi dakika 22 kwa mizunguko 33, na wimbo wa ala kavu uwe wa mwisho upande wa kwanza. Karibu na kitovu cha santuri sauti kali za juu huharibika, na blasti yenye matoazi mengi ndiyo inayoumia zaidi.

NyuziSita
Asanteni sana wakuu. Nimepima akodiani: 442 kweli. Tunarudia magita yote. La mwisho: jukwaani fidla ina pikapu ya piezo (kinasa mtetemo wa ubao), tumeichomeka moja kwa moja kwenye miksa, ikatoa sauti nyembamba kama ya bati, na ikivuma kila dramu zikianza.

fundi_miksi
Piezo inataka ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Ingizo la laini kwenye miksa ni kilo-omu 10 hivi, kwa hiyo sauti za chini zinapotea. Weka priampu (kikuza sauti cha awali) ya ala kavu katikati, yenye kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti). Ikianza kuvuma, geuza fezi kwanza, kisha tafuta masafa yanayovuma na ukate hapo tu, mkato mwembamba. Mpiga fidla asimame mbali na dramu, na mgongo wa fidla usielekee spika ya jukwaani, maana ubao wake unapokea mtetemo wote.