Nani tushirikiane kutengeneza picha za mawasiliano za kwetu?

MamaNeema: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo, haongei ila anaelewa kila kitu, akiwa na kiu anakodolea jagi mpaka nimuone. Nataka ubao wa picha awe anagusa kuomba, ila nilizopata ni mikate na supu tu, ugali hamna.

fundi_programu: Hongera mama. Angalia tovuti ya ARASAAC ya Hispania, picha maelfu za bure, unaruhusiwa kuzibadilisha ili mradi utaje chanzo na usiuze. Pia kuna Cboard, programu huria ya ubao wa picha kwenye simu au tableti, unaweka picha zako mwenyewe. Nitakusaidia kuiseti.

mwl_elimumaalum: Msisubiri tableti jamani, umeme ukikatika mtoto anyamaze? Printi, piga laminesheni, tia kwenye faili. Na sio vyakula tu, weka "sitaki", "inauma", "bado". Halafu na wewe gusa picha huku unaongea, ndo ataiga.

MamaNeema: "Inauma" sikuiwaza kabisa mwalimu, juzi kalia usiku kucha kumbe sikio. Naanza nayo leo. Anayejua kuchora anitafute, tuanze na ugali, kanga na bajaji.