Kipaji au jitihada: kipi kinamfikisha mtu?

Mzazi wa Kibaha
Wadau, naomba tuliongee hili. Juzi nimechukua ripoti ya kijana wangu wa kidato cha pili. Hesabu ana D, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Hana kipaji cha hesabu, ahimizwe masomo ya sanaa." Mtoto huyohuyo mwaka jana alikuwa na B. Kipaji kinaisha kama vocha?

Mimi naamini jitihada. Mwangalieni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017 akapata shaba ya dunia. Halafu miaka minane bila medali nyingine ya dunia, wengi wetu tukamsahau, na Septemba 2025 pale Tokyo akachukua dhahabu ya marathoni akiwa na miaka 33. Aliyetegemea kipaji tu angekuwa ameshatundika viatu. Ninyi mnasemaje?

Kijiwe cha Kahawa
Mkuu, mfano wako ndio unaokuangusha. Simbu ni mtu wa Singida. Watu wa Singida, Hanang na Mbulu wamezaliwa na mbio. Toka utotoni wanakimbiza ng'ombe, shule iko kilomita kumi, daladala hakuna. Ile ni damu na mapafu. Mimi wa Temeke nipe mazoezi miaka ishirini, sifiki hata nusu yake. Jitihada inang'arisha tu, jiwe lazima liwepo kwanza. Tokyo kwenyewe alimwacha yule Mjerumani sekunde tatu za mwisho. Hiyo kasi ya mwisho hainunuliwi.

Dada wa Manyara
Sekunde tatu? Ni sehemu tatu za mia za sekunde moja. Wote wawili, Simbu na Amanal Petros, wameandikiwa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue.

Lakini hilo silo lililoniuma. Mimi ni Mwiraqw, na hii ya "mnakimbiza ng'ombe" nimeisikia chuoni, kazini, na sasa hapa. Kaka, ng'ombe hakimbizwi. Ng'ombe anachungwa. Unatembea nyuma yake taratibu na fimbo begani, anakula, unasimama, anahama, unahama. Ukimkimbiza maziwa yanapungua, na jioni mama akishika kibuyu anajua kabisa siku ilikwendaje. Mdogo wangu amechunga hadi darasa la saba na leo hawezi kukimbilia basi la Babati akalipata.

Kijiwe cha Kahawa
Dada yangu usinune, nimewasifia.

Mkimbiaji wa Iten
Hamjambo majirani, niko Iten, Kenya. Huyo dada ana haki ya kununa. Sisi huku twaambiwa hivyo kila siku. Wageni wakija na kamera wanauliza damu, mlima na ugali. Hakuna anayeuliza kuhusu saa kumi na moja alfajiri.

Nimekimbia hapa miaka sita. Alhamisi ni siku ya mbio za kubadili kasi, na tunaweza kuwa zaidi ya mia mbili kwenye barabara ya udongo mwekundu. Ukiwa nyuma, vumbi linakuingia mpaka ukitema, mate ni mekundu. Eliud Kipchoge, na majina yake yote, kule kambini Kaptagat alikuwa anaosha choo kwa zamu kama wengine. Mwaka 2012 alikosa timu ya Olimpiki ya London. Kama ni damu, mwaka huo damu ilikuwa imeenda wapi? Mwaka uliofuata akahamia marathoni, akaanza upya, na 2019 kule Vienna akakimbia 1:59:40. Najua haikuhesabiwa rekodi, msinirukie. Ukisema damu, unafuta alfajiri zote hizo kwa neno moja.

Mwalimu Mstaafu
Kijana wa Iten, nakuheshimu, lakini ushahidi wako umekugeuka. Watu mia mbili, barabara moja, alfajiri moja, ugali mmoja. Wangapi wanafika marathoni ya Boston? Wote wamejituma. Ukiondoa jitihada, kwa kuwa wote wanayo, kinabaki nini?

Na nawapa mwingine. Donald Thomas wa Bahamas alikuwa mcheza mpira wa kikapu. Mwanzoni mwa 2006 alibishana na wenzake chuoni kama anaweza kuruka juu, akaruka. Agosti 2007 kule Osaka akawa bingwa wa dunia, mita 2.35. Stefan Holm wa Sweden, aliyeanza kuruka akiwa mtoto na aliyekuwa bingwa wa Olimpiki 2004, siku hiyo akawa wa nne. Nijibuni hilo.

Nimefundisha hesabu miaka 31. Kuna watoto ukiandika swali ubaoni, ukigeuka wameshamaliza. Mimi sikuwafundisha hiyo.

Mzazi wa Kibaha
Mwalimu, shikamoo. Na wale wengine ulipogeuka, uliwaona?

Nisamehe kwa ukali, ila umegusa kidonda. Nimeketi na daftari la mwanangu usiku mmoja mzima. Muhula wa kwanza shule yao haikuwa na mwalimu wa hesabu. Kurasa kumi na nne zina tarehe tu. Tarehe, mstari chini yake kwa rula, basi. Ukurasa unaofuata tarehe nyingine, mstari mwingine. Kila kipindi kijana alifungua daftari, akaandika tarehe vizuri, akasubiri. Kisha anakuja mtu na wino mwekundu kusema huyu hana kipaji.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hizo kurasa hukuzitaja mwanzo. Mtoto aliyeandika tarehe kumi na nne bila kufundishwa hawezi kupimwa kipaji, wala jitihada. Aliyeandika vile alikosea, na nasema hivyo kama mwalimu. Ila Thomas hamjanijibu.

Mkimbiaji wa Iten
Mwalimu, wale mia mbili si hesabu ya ubaoni. Mmoja ni mimi. Mimi ndiye ambaye hakufika Boston, na sipendi kutumiwa kama ushahidi kwamba nilipungukiwa kitu nikiwa tumboni mwa mama. Mwaka wa nne kano ya kisigino iliuma. Matibabu ya wiki moja yalikuwa bei ya magunia mawili ya mahindi, na mahindi yalikuwa ya karo ya wadogo zangu. Nikapumzika wiki mbili badala ya miezi mitatu, nikarudi barabarani, ikakatika. Niambie hapo kipaji kiko wapi na jitihada iko wapi.

Na huyo Thomas hakuwahi kupata medali ya Olimpiki, hata moja. Holm anayo, tena dhahabu.

Kijiwe cha Kahawa
Pole sana kaka, hilo la kisigino limenigusa. Lakini turudi kwenye hoja yangu, maana nimeona inakwepwa. Dada wa Manyara amekataa ng'ombe, shule hajaikataa. Dada, shule ilikuwa mbali au haikuwa mbali?

Dada wa Manyara
Ilikuwa mbali. Kilomita nane kwenda, nane kurudi, kwa miguu, toka darasa la kwanza. Na sikuwa mwanariadha, wala darasani kwetu hakutoka mwanariadha hata mmoja. Tungekuwa na medali za kugawa hadi Temeke.

Mtu wa Haydom
Dada, mimi ni wa hukohuko. Nane? Miaka ile ya themanini kweli, labda, ila kwa uandishi wako wewe si wa miaka hiyo. Tusiongeze chumvi, ndiyo maana wanatuandika vibaya.

Dada wa Manyara
Umenijua lini hata unijue miaka? Nimetembea kwa miguu yangu, naambiwa na mtu wa simu kwamba sikutembea.

Mzee wa Redio
Wanangu, naomba nafasi. Mnapima barabara wakati mtu mnayepaswa kumtaja hajatajwa. Februari 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, 3:32.2. Tulikuwa tumezunguka redio ya jirani, betri ameziweka juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Bayi aliongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho, John Walker akimfuata nyuma, na Walker mwenyewe aliivunja rekodi ya zamani akiwa wa pili. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili. Kipaji alikuwa nacho, na alikuwa anajituma. Ikaja 1976, nchi za Afrika zikasusia Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania ikasusia pia, na mimi naona ilikuwa haki. Bayi akabaki nyumbani akiwa katika ubora wake. Dhahabu ya mita 1,500 akachukua Walker. Miaka minne baadaye Moscow, Bayi akapata fedha, tena kwenye mbio nyingine, ya kuruka viunzi na maji. Mimi tangu siku ile swali la kipaji au jitihada naliona halijakamilika.

Kijiwe cha Kahawa
Mzee shikamoo, historia nzuri. Mtu wa Haydom, kwa hiyo wewe unasema ni ngapi? Tano? Sita?

Mtu wa Haydom
Haizidi sita. Nasimama hapo.

Mzazi wa Kibaha
Jamani, mtoto wangu nimhamishe mchepuo au nisimhamishe?

Mwalimu Mstaafu
Usimhamishe. Mtafutie mtu wa kumrudisha kwenye zile kurasa kumi na nne, moja baada ya nyingine, kabla ya kitu kingine chochote. Ukikosa mtu, niandikie pembeni. Nina muda.

Dada wa Manyara
Nimekwenda kumsalimia mama Jumamosi hii. Nimepanda pikipiki kuanzia mlangoni kwake, nikamwomba kijana asome namba kwenye dashibodi, tukaenda hadi shuleni. Kengele bado ni ileile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Ni kilomita tano na mita mia mbili. Nilisema nane na niliamini nane. Mtu wa Haydom, nakuomba radhi kwa majibu yangu.

Mtu wa Haydom
Yameisha dada. Mama hajambo?

Dada wa Manyara
Hajambo, anapalilia maharage.

Kijiwe cha Kahawa
Hata tano ni mbali kwa mtoto wa miaka saba. Sikuwahi kulifikiria hivyo, nilikuwa nasema kilomita kumi kama mtu anayetaja bei. Mlikuwa mnaondoka saa ngapi?

Dada wa Manyara
Saa kumi na moja na nusu. Mama alitusindikiza na taa ya chemli hadi korongoni, akasimama pale mpaka tukivuka, kisha anarudi. Kutoka korongoni tulikuwa tunakimbia, ndiyo, hilo nalikubali. Aliyekuta rimu imeshagongwa alichapwa viboko vitatu.