Mrejesho: mvua ya masika Zanzibar na batoto

Habari ndugu, ni miye wa Bukavu niliyeuliza batoto bafanye nini Zanzibar mwezi wa ine kama mvua inatufungia ndani. Tumerudi, aksanti sana kabisa.

Kilichofaa kupita vyote ni bao! Aliyesema tukae barazani na wazee alijua, tukatolewa ubao wa mashimo 32 na kete 64, mzee mumoja akafundisha bakubwa, badogo banaiba kete tu, masaa yakaenda hatukuona. Kanisa la Mkunazini kule Mji Mkongwe, pale palikuwa soko la watumwa, tuliingia mvua imekaza, vile vyumba vya chini, banasema walifungiwa watumwa, ni vifupi mno unainama, bakubwa baliuliza maswali mpaka usiku ila kadogo kalilia, mwenye mutoto mudogo abaki naye juu.

Filamu za kwenye simu zilishindikana, umeme unakatika na chaji inaisha. Urojo, ule mchuzi muzito wa Zanzibar wa kula na bajia, tulipika na mama mwenye nyumba, bajia ziliungua lakini mchuzi wa embe mbichi ulitoka muzuri, sasa batoto banaudai kila siku na embe yenyewe hapa mpaka itoke Uvira.