Kipilefti cha leni mbili au tabo: nitumie kipimo gani kulinganisha?

Mchoraji_B: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa mwisho. Nalinganisha vipilefti viwili kwenye makutano yaleyale ya barabara nne: cha kawaida cha leni mbili, na tabo ya Uholanzi aliyoibuni Lambertus Fortuijn mwaka 1996, ambayo dereva anachagua leni kabla ya kuingia na vikingo vya zege vinamzuia kuhama akiwa ndani. Kwenye kompyuta, wastani wa kuchelewa unakaribiana, ila foleni ya upande wa sokoni ni ndefu kote kote. Msimamizi anataka niseme kipi bora. Nishike kipimo gani?

FundiLami: Mdogo wangu, achana na wastani wa makutano yote. Barabara yenye magari mengi yanayopita vizuri inauficha upande unaoteseka. Toa foleni na muda wa kuchelewa kwa kila upande, tena kwa kila leni. Kwenye kipilefti unampisha aliye ndani (Waingereza waliifanya sheria mwaka 1966), kwa hiyo magari ya barabara kuu yakimiminika mbele ya hao wa sokoni bila kuacha pengo, watasubiri tu, uchore utakavyochora. Jaribu kuweka taa ya kuizuia barabara kuu saa za msongamano.

BintiKorogwe: Magari uliyahesabia wapi?

Mchoraji_B: Pale yanapoingilia, asubuhi, trafiki akiongoza kwa mkono.

BintiKorogwe: Basi umehesabu walioruhusiwa na trafiki, si wote waliotaka kupita. Rudia, uhesabu kwenye mkia wa foleni. Bodaboda na bajaji ziandike peke yake, maana boda inaingia kwenye pengo ambalo lori haliwezi kulitumia.

FundiLami: Sahihi kabisa. Na mchoro wa Uholanzi ugeuze kama kwenye kioo, wenzetu wanapita kulia. Usisahau usalama: kipilefti cha leni moja kina sehemu 8 ambazo magari yanaweza kugongana, makutano ya kawaida ya barabara nne yana 32. Leni ya pili inaongeza nyingine, hasa watu wakihama leni ili watoke. Hapo ndipo tabo inaposhinda. Kuchelewa kukiwa sawa, mimi nachagua tabo.

Mchoraji_B: Asanteni sana. Ila mkia wa foleni unapita kona, sitauona nikiwa peke yangu.

BintiKorogwe: Weka mwenzako ng'ambo ya kona, na mlinganishe saa zenu kabla ya kuanza.